Mitaro Tuliyoizika Uani

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa jembe wala sepetu. Nilipewa kigoda.

Ilikuwa masika, katika miaka ile kabla Wadachi, yaani Wajerumani, hawajapandisha bendera yao Bagamoyo, nami nilikuwa nimetoka eda karibuni. Mume wangu alikuwa mpagazi. Alikwenda bara na msafara wa pembe, na waliorudi wakatuambia kwamba ndui ilimwua njiani, wakamzika huko huko. Nikabaki Kaole kwa mama yangu, sina mtoto, nina mikono miwili iliyozoea kazi. Mama alikuwa mchoma chokaa, na tangu usichana wangu nilikuwa nikibeba pakacha za chokaa kichwani mpaka mjini kuwapelekea waashi. Ndivyo alivyonijua mzee tuliyemwita Fundi Mkuu, mtu mfupi, mkavu, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake.

Aliniita mlangoni mwa nyumba ya shehe mmoja, mtaa wa Gongoni.

"Binti Kombo," akasema, "nataka wanawake watatu. Wasiwe wavivu, na wasiwe waongo."

"Uvivu nauelewa, Fundi. Lakini uongo una nini na kuchimba?"

"Kazi hii inafukiwa, mwanangu. Mwashi akijenga ukuta kombo, kila apitaye atamcheka. Sisi tukidanganya, hatujulikani mpaka nyumba ianguke."

Kisha akanieleza kwa nini wanawake. Ukuta wa nyuma wa nyumba ile ulikuwa ukioza, na kuuponya kulitaka watu wachimbe uani siku nyingi. Uani ndiko wanawake wa nyumba wanakopika, wanakofua na wanakokaa bila buibui. Shehe alikuwa amekataa katakata: mwanamume wa kando hataingia uani mwake, hata kama ukuta utamwangukia kichwani. Basi Fundi Mkuu, aliyejenga nusu ya nyumba za mawe za mji ule, alikuwa hawezi kuingia kuutibu ukuta alioujenga mwenyewe.

Akanipa kigoda. "Ingia uani. Kaa pale mvua inapokupiga, utazame maji. Ukitoka uniambie yanatoka wapi, yanapita wapi, na yanalala wapi."

Nilikaa mvuani mpaka kanga zikanigandia mwilini. Wajakazi wa nyumba walinicheka wakidhani nina wazimu wa ujane. Nilipotoka, yeye alikuwa barazani, akaanza kunihoji.

"Yanatoka wapi?"

"Yanamwagika kutoka juu ya dari kwa mfereji wa mlizamu, na mengine yanashuka kutoka kiwanja cha jirani."

"Yanalala wapi?"

"Chini ya dirisha la jikoni."

"Halafu yanakwenda wapi?"

"Hayaendi. Yanapungua kidogo kidogo. Yananywewa."

"Na nani?"

Nilitaka kusema na ardhi. Lakini nilikumbuka ule ukuta, jinsi ulivyokuwa na alama ya maji mpaka usawa wa kiuno changu, na chokaa iliyovimba na kupukutika kama ngozi ya mtu aliyeungua. Nikasema, "Na ukuta."

Fundi Mkuu hakunisifu. Alisema tu, "Kesho uje na sepetu." Nilirudi Kaole nikitembea kama mtu aliyepewa cheo.

Ninyi mnaojenga leo kwa saruji na mabati mnaweza kuniuliza ukuta unakunywaje maji. Nyumba zetu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, na tumbawe lina matundu. Likisimama penye maji, hunyonya kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Maji yakipanda hupanda na chumvi. Chumvi ikikauka hutoka nje kama unga mweupe, na kila inapotoka huisukuma chokaa. Unyevu ukifika kwenye boriti, zile nguzo za mikoko zinazobeba dari, mchwa hufuata, na mwisho wake ni msiba. Na ardhi ya Bagamoyo ni ya hila. Juu ni mchanga, nawe ukiuona unadhani maji yatashuka yaende zake. Chini ya mchanga upo udongo wa mfinyanzi, na maji yakifika pale hukwama, yakaanza kutambaa pembeni yakitafuta pa kutokea, mpaka yaukute msingi wa nyumba ya mtu.

Dawa yake ilikuwa mtaro wa kuzikwa. Ni shimo refu linalopita kando ya nyumba, likajazwa mawe, likafunikwa, hata apitaye juu yake asijue kama lipo. Maji hupenda njia nyepesi. Ukiyawekea udongo mzito upande huu, na upande huu mawe yenye nafasi baina yake, yataacha udongo yaingie kwenye mawe. Na yakiisha kuingia, mteremko utayachukua mpaka mahali ulikoyapangia wewe.

Fundi Mkuu alitufundisha haya yote bila kuona tunachofanya. Alikaa barazani, upande wa njiani, nasi tuko uani, na baina yetu nyumba nzima. Mimi nilikuwa natoka kumweleza, narudi na amri. Tulikuwa watatu: mimi; Bi Time, mtu mzima aliyewahi kufinyanga vyungu na kuujua udongo kwa kuubana tu; na Zafarani, msichana mrefu, mtumwa wa bibi mmoja wa mjini, aliyekodishwa kama kibarua. Zafarani hakupenda maneno. Lakini jiwe akilitia mahali, halikuhitaji kuguswa tena.

"Umefika kwenye mfinyanzi?" Fundi Mkuu aliniuliza.

"Nimefika, Fundi."

"Unajuaje?"

"Bi Time ameubana, umeshika alama ya vidole."

"Na msingi wa nyumba unaishia wapi?"

"Chini zaidi. Shibiri moja."

"Basi simameni hapo. Mkienda chini ya msingi mtakuwa mnaichimbia nyumba kaburi."

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya kwanza. Ya pili ni mteremko. Kwa kila pima moja, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, sakafu ya mtaro ishuke unene wa kidole. Ukiupunguza, maji yatalala. Tuliupima kwa mwanzi uliopasuliwa kati na kutiwa maji: ukiulaza mahali palipo sawa, maji hutulia sawa ncha zote mbili, ukiulaza kwenye mteremko, hukimbilia upande mmoja, nawe unaona kwa macho. Ya tatu ni kuosha mawe. Watu walitushangaa tulipokuwa tukisugua mawe kama vyombo vya karamu. Lakini jiwe lenye matope unalizika na ugonjwa wake; mvua ya kwanza itayaosha hayo matope na kuyalaza sakafuni mwa mtaro, na baada ya miaka michache umebaki na ukuta wa udongo chini ya ardhi.

Tulianza kwa kutandika makumbi ya nazi pande zote za shimo, makumbi yaliyoozeshwa kwenye maji ya bahari, kwa sababu hayo hayaharibiki upesi. Kazi yake ni kama ya kitambaa cha kuchujia tui: maji yapite, machicha yabaki. Sakafuni Zafarani alipanga mawe mapana, mawili mawili, yakiegemeana kama paa la kibanda, ili katikati pabaki uwazi wa maji kukimbilia. Juu yake mawe ya kadiri ya ngumi, kisha ya kadiri ya yai, kisha kokoto. Halafu makumbi tena, halafu mchanga wa chembe kubwa. Na mwisho wa yote ulikuwa mdomo, pale maji yanapotokea, ambao hauwekwi karibu na kisima, wala chooni, wala kwenye kiwanja cha jirani, kwa sababu maji unayomtupia jirani yatarudi kwako kwa njia ya ugomvi.

Ukuta wa shehe ulikauka. Haukukauka kwa wiki moja. Ukuta ulioshiba maji hukauka polepole, kama mtu anavyopona homa ya muda mrefu. Lakini vuli ilipopita, mke wa shehe aliniita akaniwekea mkono wangu ukutani. Habari zikaenea katika nyua za mji, ambako habari huenda mbio kuliko barabarani.

Tukaitwa huku na huku. Fundi Mkuu alitupeleka mpaka Saadani, kwa jumbe mmoja, mkuu wa mji ule, aliyejenga nyumba penye udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika. Huko hapakuwa na mahali pa chini pa kuyatolea maji. Nchi ilikuwa tambarare kama sinia. Ndiko nilikojifunza shimo la kunywea. Unatafuta mahali mbali na nyumba ambapo ukichimba unaukuta mchanga, unachimba shimo pana kama kisima, unalijaza mawe, na mtaro unaufikisha pale. Ardhi inayanywa maji taratibu, kwa nafasi yake. Yule jumbe alikuwa mkali kwa kila mtu, lakini kila asubuhi alisimama mlangoni akauliza, "Wake zangu wa mawe wameamka salama?" Tulicheka. Sasa nikimkumbuka namwombea dua.

Kazi niliyoijua kuwa ndiyo iliyonifanya fundi ilikuja baadaye, Bagamoyo, katika nyumba ya tajiri mmoja wa Kihindi, Mwislamu, aliyewauzia watu wa misafara nguo na shanga. Mkewe tulimwita Bibi Mkubwa. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, aliyekuja pwani akiwa bibi arusi na kukijua Kiswahili kuliko baadhi yetu. Mke wa mwanawe alikuwa na mimba ya miezi ya mwisho, na chumba alichokuwa akilala kilikuwa nyuma, ukutani mwa uani, ukuta ambao tayari ulikuwa na ufa mwembamba kutoka pembe ya dirisha.

Fundi Mkuu alikuwa na homa, hawezi kutoka kwake. Aliniambia kitandani, "Nenda wewe. Ukuta mrefu, kwa hiyo chimba kwa vipande. Fungua kipande, panga mawe, funika, ndipo ufungue kingine. Ukiufungua mtaro wote pamoja, ukuta hauna pa kuegemea."

Nikaenda. Lakini tajiri yule alikuwa na Msimamizi wake, kijana Mwarabu wa Kisheheri aliyeangalia ghala na wapagazi, na huyu alikuwa ameagizwa kazi iishe kabla mtoto hajazaliwa. Siku ya kwanza tulifungua kipande na kukifunga. Siku ya pili akaleta vibarua wanawake kutoka shamba, akasimama nyuma ya pazia la ukumbini, akapaza sauti:

"Wachimbe wote, kutoka pembe mpaka pembe! Kwa mwendo wenu huu mtoto ataota meno!"

Nikaenda nikasimama upande wangu wa pazia. "Bwana Msimamizi, ukuta huu una ufa. Fundi Mkuu amesema kwa vipande."

"Fundi Mkuu yuko kitandani. Mimi niko hapa, na tajiri ananiuliza mimi."

"Mvua ikija?"

"Mvua ya wapi? Tazama jua."

Kweli jua lilikuwa kali. Vibarua wakachimba, na si kosa lao, walifanya waliloambiwa. Ilipofika adhuhuri mtaro wote ulikuwa wazi, na ukuta umesimama pembeni yake kama mtu aliyenyang'anywa fimbo. Mawe yetu yaliyooshwa yalikuwa bado njiani, mbele ya nyumba, kwa kuwa huko ndiko palipokuwa na nafasi ya kuyaosha. Na dakika zile zile tukasikia mlio ndani ya chumba. Yule binti alikuwa ameshikwa na uchungu.

Mkunga akaja. Bibi Mkubwa akaingia na kutoka na maji ya moto. Sisi tukatazamana, tukaanza kupanga makumbi haraka. Sala ya alasiri ilikuwa haijaadhiniwa wakati upepo wa kusi ulipogeuka baridi, na mvua ikaja pamoja nao, si ya manyunyu, ila ile ya kumwagwa kama kwa ndoo.

Mtaro ukawa mto. Mchanga wa upande wa nyumba ukaanza kumeguka, kipande baada ya kipande, mpaka tukayaona mawe ya msingi, meupe, hayana kitu mbele yake. Bi Time akapiga kelele akaonyesha juu. Ule ufa wa dirishani ulikuwa umefunguka, kidole changu kingeingia.

Nikakimbia dirishani. "Mtoeni! Mpelekeni upande wa mbele!"

Mkunga akatoa kichwa. "Hatoki! Kichwa cha mtoto nimekishika. Nikimwinua nitawapoteza wote wawili. Wewe shika ukuta wako, mimi nishike mtu wangu!"

Sijasahau maneno yale. Akili ilitulia, nikasikia sauti ya Fundi Mkuu kama yuko barazani: yanatoka wapi, yanapita wapi, yanalala wapi. Yalikuwa yanalala. Mwisho wa mtaro ulikuwa umeachwa haujatobolewa kufika nje. Nikamwita Zafarani.

"Toboa mdomo!"

Akaruka ndani, maji kifuani, akaupiga mtaimbo mara nyingi sana, mpaka kile kizuizi cha udongo kikapasuka na maji yakaondoka kwa kishindo kuelekea bondeni. Maji yalipopungua niliwaambia vibarua walete boriti kutoka ghalani. Tukazikata kwa shoka na kuzikaza ndani ya mtaro, ncha moja kwenye msingi, ncha moja kwenye kingo ya pili, ili ardhi ya huku iushike ukuta wa kule.

Lakini boriti si dawa ya kudumu kwenye matope. Tulihitaji mawe, na mawe yalikuwa njiani. Nikakimbia mpaka kwenye pazia la ukumbini. "Bwana Msimamizi! Mawe! Makubwa kwanza, chini ya dirisha ndiko kunakofunguka!"

Nikamsikia akiwaita wapagazi, wachukuzi, wenye maduka, kila mwanamume aliyekuwa amejikinga mvua barabarani. Wanaume wakajipanga kutoka njiani mpaka kwenye pazia, sisi tukajipanga kutoka kwenye pazia mpaka mtaroni, na mawe yakapita chini ya pazia, mikono inapokea mikono bila mtu kumwona mtu. Wajakazi wa nyumba wakaingia mstarini. Bibi Mkubwa naye akatoka, akajifunga shali kiunoni, akasimama kati yangu na kibarua wa shamba. Alipoona pakacha hazitoshi, alitoa masufuria yake ya shaba, yale ya arusi yake, akasema, "Tieni mawe humu."

Tulijaza kuanzia chini ya ufa, tukaenda kulia, tukaenda kushoto. Mvua ilikuwa ingali ikimwagika tulipolisikia lile jiwe la mwisho likigonga mengine, na baada yake sauti nyingine, nyembamba, ya hasira, kutoka dirishani. Mstari wote ukasimama. Mkunga akasema kwa sauti ya kuchoka, "Mwanamke. Salama. Na mama yake salama."

Bibi Mkubwa alikaa chini pale pale matopeni akalia. Zafarani, ambaye sikuwahi kumwona akicheka, alicheka mpaka akashika mbavu. Nyuma ya pazia wanaume walikuwa wakiuliza, "Vipi? Vipi?" nikamsikia Msimamizi akiwaambia, "Ukuta umesimama." Asubuhi niliona mikono yake imechunika viganja vyote. Aliniamkia yeye kwanza, na tangu siku ile hakuna kazi ya mtaro aliyoisimamia bila kuniuliza.

Mvua ilipokwisha tuliyatoa yale mawe yote. Vijana wengi ninaowasimulia hushangaa: mlitoa mawe yaliyouokoa ukuta? Tuliyatoa. Yalitupwa kwa dharura, hayana makumbi, hayana mteremko, matope yamejaa ndani yake. Tukayaosha upya, tukauchimba upya kwa vipande, tukaupanga kama sheria inavyotaka. Ule ufa niliupaka chokaa, nikaurudia kila masika kuutazama. Haukufunguka tena.

Fundi Mkuu alipopata nafuu alikuja na bakora yake mpaka baraza ya nyumba ile, akanihoji kama kawaida, jambo baada ya jambo: boriti ziliegemea wapi, mdomo ulitobolewa lini, mawe yalianzia upande gani. Waashi wenzake walikuwa wamekaa pale wakinywa kahawa. Nilipomaliza, aliwageukia.

"Kuanzia leo, mtu akitaka mtaro katika mji huu, asije kwangu. Aende kwa Fundi."

"Fundi yupi?" mmoja akauliza.

"Fundi Mwanahawa, binti Kombo, wa Kaole. Mna masikio?"

Nilikuwa na buibui, kwa hiyo hawakuuona uso wangu. Na ilikuwa heri, maana machozi yalikuwa yakinitiririka na mdomo unacheka.

Baadaye vikaja vita na Wadachi, mji ukakimbiwa, nyumba nyingi zikabomoka. Amani iliporudi nilifanya kazi chini ya Bwana wa Majengo, Mdachi mrefu mwenye uso mwekundu, aliyekuwa akijenga nyumba za maofisa wao. Siku zile watu walipigwa viboko kwa makosa madogo, nami siwezi kuzisifu. Lakini ya kazi nitayasema ya kazi. Alileta mabomba ya udongo uliochomwa, yenye vitundu upande mmoja, ya kulaza chini ya mtaro badala ya yale mawe yetu ya kuegemeana. Mimi nikayalaza vitundu juu, kwa kuwa nilidhani maji yanaingia kutoka juu. Alikuja, akapiga magoti udongoni na suruali yake nyeupe, akageuza bomba moja, vitundu chini.

"Maji yanapanda," akasema kwa Kiswahili chake cha kukatika. "Yanajaa chini kwanza, kisha yanapanda. Yakigusa tundu, yanaingia. Kama tundu iko juu, mpaka yafike juu, nyumba imelowa."

Nikasimama nikafikiri, nikaona ni kweli tupu. Nikamshukuru, nikayageuza yote, na tangu hapo nimewafundisha wengine hivyo hivyo. Fundi asiyeweza kufundishwa amekwisha kuzeeka, hata kama ana nywele nyeusi.

Niliiacha kazi magoti yalipokataa kunishusha mtaroni na kunipandisha. Bi Time alikuwa amefariki zamani. Zafarani aliachwa huru na bibi yake kwa ajili ya Mungu, tukafanya kazi pamoja kama ndugu mpaka naye akatangulia mbele ya haki. Kila nyumba tuliyoitia mkono ninaijua, na nikipita mjini na fimbo yangu, watu huona milango iliyonakshiwa, huisifu, na kutaja jina la seremala. Sichukii. Mimi huangalia chini, penye mchanga, nikayataja majina yetu moyoni. Kinachonitia mashaka ni mafundi wa leo wanaopaka saruji miguuni mwa ukuta wa matumbawe wakidhani wameyazuia maji. Wameyafungia ndani. Maji hayafungiwi mlango, huonyeshwa njia.

Masika iliyopita waliniita Miono, kwa mwalimu mmoja aliyejenga chini ya mteremko. Sikuweza kwenda. Alikwenda Mwanahamisi, binti wa Zafarani, pamoja na wanawake wanne niliowafundisha, na ilikuwa mara ya kwanza kazi yetu kufanywa mahali ambapo sitaiona kamwe. Nilikaa Kaole nikiisikiliza mvua kila siku.

Aliporudi, alikuta nimekaa mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mvua ilinyesha huko?"

"Ilinyesha mpaka mbuzi wakapanda barazani."

"Mdomo ulitoa maji?"

"Ulitoa, kutwa kucha."

Lile nililokuwa nalo siku zote hizo nilikuwa bado sijaliuliza. Maji yakitoka mekundu, maana yake makumbi hayakupangwa vizuri na udongo unaingia. Mtaro kama huo utatumika masika mbili tatu, kisha utaziba, na hakuna atakayejua mpaka ukuta useme. "Rangi gani?" nikauliza.

Mwanahamisi akafungua kikapu chake, akatoa chupa ya maji ya mdomo ule, iliyokuwa imefungwa kwa kizibo cha gunzi, akanipa. Alikuwa ameibeba kutoka Miono, mwendo wote ule, akiikinga kwa kanga. Nikaiinua kwenye mwanga wa mlango, nikaona upande wa pili vidole vyangu vilivyoishika, vyote, mpaka makovu yake.